SOMO: Kufunga Seva Katika Kabati Lake kwa Usalama

Seva ni kompyuta itunzayo kumbukumbu za chama: mizani ya pamba, hisa na malipo ya kila mkulima. Ikianguka au ikiungua, jasho la msimu mzima hukosa ushahidi. Kwa hiyo, hata kama fundi ndiye afungaye, Katibu yampasa kusimamia.

Kwanza, kabati la chuma lisimame juu ya sakafu iliyo sawa na likazwe kwa boliti kabla ya kuingizwa chombo chochote.

Pili, vyombo vizito, kama betri za akiba, vikae chini kabisa. Katika ukaguzi nilikuta kabati lisilo na boliti hata moja, betri zikiwa juu. Kabati la namna hiyo hupinduka. Kwa sababu hiyo hiyo, usivute nje vyombo viwili kwa wakati mmoja.

Tatu, seva inyanyuliwe na watu wawili, umeme ukiwa umezimwa.

Nne, kabati liunganishwe na waya wa ardhini, ili umeme unaovuja usimpige mtu. Waya huo hautoshi kuzuia radi, ambayo Oktoba 2018 iliua wanafunzi mjini Geita. Jengo lahitaji kinga yake.

Tano, mbele na nyuma paachwe wazi, hewa ipite. Vumbi la kiangazi huziba matundu, na seva hupata joto.

Maswali ya kujadili:
1. Kabati letu limekazwa wapi?
2. Nani aliupima waya wa ardhini, na lini?