Unapotakiwa na nchi nyingine: hatua za sheria kabla ya kupandishwa ndege

Wakazi wengi wa Mombasa wanaikumbuka kesi ya ndugu wa familia ya Akasha. Mnamo Novemba 2014, Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa hapa Mombasa pamoja na raia mmoja wa India na mwingine wa Pakistan. Marekani iliwataka wakajibu mashtaka ya ulanguzi wa dawa za kulevya, zikiwemo kilo 99 za heroini. Walipewa dhamana, na kesi ya kuamua kama wapelekwe Marekani au la ikavutana mahakamani Mombasa kwa zaidi ya miaka miwili. Kisha, mwishoni mwa Januari 2017, kabla kesi hiyo haijafikia tamati, wote wanne walichukuliwa na kusafirishwa kwa ndege hadi New York. Ndugu hao walikiri mashtaka mwaka 2018. Baktash alihukumiwa kifungo cha miaka 25 na Ibrahim miaka 23.

Kisauni na Likoni, ambako unga umewamaliza vijana wetu, wapo waliosema afadhali wameondoka. Wapo pia waliouliza: ikiwa kesi ilikuwa bado mbele ya hakimu, ni sheria gani iliyowapandisha ndege? Mtu anaweza kuwa na maoni yote mawili kwa wakati mmoja, na swali la pili linamhusu hata mkazi ambaye hajawahi kuigusa dawa ya kulevya.

Ieleweke mapema kwamba jambo hili haliko mikononi mwa serikali ya kaunti. Katiba imeweka mambo ya nchi za nje, polisi na mahakama chini ya serikali ya kitaifa. Diwani, chifu au afisa wa wadi hana uwezo wa kuruhusu wala kuzuia mtu kupelekwa nje.

Sheria za Kenya kuhusu suala hili ni mbili, na zote ni za miaka ya sitini. Sura ya 76 inahusu nchi jirani na nchi za kigeni ambazo Kenya ina mkataba nazo. Sura ya 77 inahusu nchi za Jumuiya ya Madola, kama Uingereza. Mkataba wetu na Marekani ni mkongwe kuliko Kenya huru: Uingereza iliutia saini mwaka 1931, na baada ya uhuru Kenya ikakubali kuendelea nao kwa barua za mwaka 1965. Kwa nchi ya kigeni isiyo na mkataba na Kenya, Sura ya 76 haitoi njia ya kumkabidhi mtu. Kwa hiyo mtu akitishwa kwamba atapelekwa nchi fulani, swali la kwanza la wakili litakuwa kama mkataba upo.

Ombi huja kupitia mabalozi hadi kwa Mwanasheria Mkuu. Anayelipeleka mahakamani ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hilo nalo lilihitaji miaka kuamuliwa. Aliyekuwa waziri wa fedha, Chris Okemo, na aliyekuwa mkuu wa kampuni ya umeme, Samuel Gichuru, walitakiwa na kisiwa cha Jersey mwaka 2011 kwa madai ya kusafisha pesa haramu. Mabishano kuhusu ni ofisi ipi yenye mamlaka ya kuwafikisha kortini yalipanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi mwaka 2021. Miaka kumi, na wakati huo wote kortini palikuwa bado panabishaniwa nani afungue kesi.

Mbele ya hakimu, watu wengi hukosea jambo moja. Wanadhani hakimu ataamua kama mshukiwa ana hatia. Hapana. Hiyo ni kazi ya mahakama ya nchi inayomtaka. Hakimu wa Kenya anataka kujua kwanza kama aliye kizimbani ndiye hasa anayetafutwa, maana majina hufanana, hasa huku kwetu Pwani ambako jina la Mohamed Ali hubebwa na watu wangapi sijui. Anatazama pia kama jambo linalolalamikiwa ni kosa hapa Kenya na limo katika makosa yaliyoorodheshwa na sheria, na kama ushahidi uliotumwa ungetosha kumfungulia mtu mashtaka iwapo jambo hilo lingetendeka hapa. Tena mtu hapelekwi kwa kosa la kisiasa, wala pale inapoonekana kwamba anatafutwa kwa sababu ya dini, kabila, uraia au msimamo wake wa kisiasa. Na Kenya ni mwanachama wa mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso tangu mwaka 1997, unaokataza kumpeleka mtu mahali ambapo kuna sababu za kutosha za kuamini kwamba atateswa.

Hakimu akiamua mtu akabidhiwe, bado hapandi ndege siku hiyo. Sheria inampa siku 15 ambazo hawezi kuondolewa nchini, na ni lazima aambiwe hivyo pamoja na haki yake ya kwenda Mahakama Kuu. Siku hizo zikipita naye akazidi kukaa korokoroni miezi miwili bila kuchukuliwa, anaweza kuiomba Mahakama Kuu imwachilie.

Uraia wa Kenya haumkingi mtu asikabidhiwe. Kinachomkinga ni hatua hizo. Mgeni anaweza kufukuzwa nchini na idara ya uhamiaji, na hilo ni jambo jingine kabisa, lakini Mkenya hafukuzwi kwao. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuingia na kuishi popote Kenya. Anayetaka kumtoa raia ili akashtakiwe ng'ambo njia yake ni moja, nayo inapitia kwa hakimu.

Kwa majirani zetu utaratibu ni mfupi zaidi, na hapo ndipo wakazi wa Likoni wanapohusika. Chukua mfano wa mfanyabiashara anayenunua machungwa Muheza na kuyapitisha Horohoro na Lunga Lunga hadi sokoni. Amechukua mzigo kwa mkopo, biashara ikaharibika, na mwenye shamba akaenda polisi Tanga. Mahakama ya Tanzania ikitoa waranti, hakimu wa Kenya anaweza kuidhinisha itumike hapa. Ushahidi hauchambuliwi kwa kina kama wa nchi za mbali. Hata hivyo mshukiwa lazima aletwe mbele ya hakimu wa Kenya kwanza, na hakimu anaweza kukataa au kuahirisha ikiwa jambo ni dogo mno, ikiwa ombi halina nia njema, au ikiwa kumpeleka kutakuwa uonevu. Deni tupu ni kesi ya madai, si jinai. Lakini aliyetoa hundi ya uongo au jina la uongo ili apewe mzigo amevuka mpaka huo. Basi stakabadhi na jumbe za simu kuhusu malipo zisifutwe.

Hatua zote hizi zina maana gani, huonekana pale zinaporukwa. Mwezi wa Februari 2007, Mkenya mmoja alikamatwa hapa Mombasa, akaondolewa nchini na kuishia katika gereza la Marekani la Guantanamo. Alirudishwa Kenya Desemba 2024, zaidi ya miaka 17 baadaye, bila kufunguliwa shtaka lolote. Baada ya mashambulizi ya Kampala ya Julai 11, 2010, Wakenya kadhaa walichukuliwa na kuvushwa hadi Uganda pasipo kupitishwa kwa hakimu. Familia moja ilikimbilia Mahakama Kuu Nairobi. Mnamo Septemba mwaka huo Jaji Mohammed Warsame alisema kitendo hicho kilikuwa kinyume cha sheria. Kwa familia, maneno hayo yalikuja mtu akiwa tayari ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo amri ya jaji wa Kenya haifiki. Kesi ya Kampala ilipokwisha mwaka 2016, baadhi ya washtakiwa walipatikana na hatia na wengine wakaachiliwa huru, baada ya kuwa ndani kwa karibu miaka sita.

Kwa hiyo saa za mwanzo ndizo zenye uzito. Polisi wa Kenya wanaweza kumkamata mtu anayeshukiwa kutenda kosa nje ya nchi hata kabla ya waranti. Polisi wa kigeni hawana mamlaka ya kumkamata mtu hapa, hata wakiwa wameandamana na wenzao wa Kenya. Aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoifahamu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili na jamaa, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Hapa pana jambo linalozichanganya familia: saa hizo zikimalizika mahakama ikiwa imefungwa, muda husogea hadi siku inayofuata ya kazi. Aliyekamatwa Ijumaa jioni huenda akafikishwa Jumatatu. Asipoonekana Jumatatu hiyo, msingoje Jumanne.

Nendeni kituo cha polisi kilicho karibu na pale alipokamatwa, ulizeni jina lake katika kitabu cha OB na mwandike namba. Mkiambiwa hayupo, andikisheni ripoti kwamba ametoweka, nayo mpewe namba yake. Andikeni pia saa aliyochukuliwa, mahali, namba ya gari na waliokuwepo. Ulizeni katika mahakama ya Mombasa kisiwani na ile ya Shanzu kama jina lake limo kwenye orodha ya siku. Asipopatikana, ombeni Mahakama Kuu amri ambayo mawakili huiita habeas corpus, inayomlazimu anayemshikilia kumleta mbele ya jaji. Katiba, kifungu cha 25, inasema haki ya amri hiyo haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu mwingine kwenda kortini kwa niaba ya asiyeweza, kinakataza kutoza ada ya kufungua ombi la kutetea haki, na kinairuhusu mahakama kupokea hata maombi yasiyoandikwa kwa mtindo wa mawakili. Mama anaweza kuanza na barua.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aombe Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mashirika ya MUHURI na Haki Africa, yote ya hapa Mombasa, yamezishughulikia kesi za watu waliochukuliwa kwa miaka mingi. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA. Na aliye ndani, akiletewa karatasi ya kukubali kusafirishwa, asitie saini kabla wakili hajaisoma.