Mgomo wa Chama na Mikataba ya Mwajiri

Mfanyakazi wa ghala la tumbaku au wa machimbo ya dhahabu hapa Katavi, akiombwa na viongozi wa tawi la chama chake asimame pamoja na wenziwe katika mgomo, aghalabu huingiwa na hofu moja: je, iwapo mwajiri atashindwa kumfikishia mnunuzi mzigo aliomwahidi kwa mkataba, hasara hiyo yaweza kudaiwa kwa chama, au hata kwake yeye mwenyewe? Jawabu limo katika sheria ya nchi yetu, ingawa asili ya hofu yenyewe ni Uingereza.

Mwaka 1853, katika shauri la Lumley na Gye, mahakama ya London iliamua kwamba anayemshawishi mwingine avunje mkataba, hali akijua kuwa mkataba huo upo, hubeba dhima kwa yule aliyedhurika. Mwaka 1901, katika shauri la Taff Vale, Baraza la Malodi likaamua kwamba chama cha wafanyakazi wa reli chaweza kushtakiwa kwa jina lake chenyewe. Kikatozwa fidia ya pauni 23,000, hata Bunge la huko likatunga sheria ya 1906 kuvikinga vyama. Wala msomaji wa Mpanda asidhani kuwa hayo ni habari za ng'ambo tu, kwani kanuni za mahakama za Uingereza zilizokuwa na nguvu tarehe 22 Julai 1920 ziliingizwa Tanganyika, nazo zingali zikitumika pale ambapo Bunge letu halijaamuru vingine.

Na kuhusu mgomo, Bunge letu limeamuru. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 83, yasema bayana kwamba mgomo halali si uvunjaji wa mkataba, si kosa la madai, wala si jinai. Kwa hiyo mwajiri hawezi kukidai chama thamani ya mzigo uliokwama, wala kumfukuza kazi mtu kwa kuwa aligoma, ijapokuwa halazimiki kulipa ujira wa siku ambazo kazi haikufanyika.

Kinga hiyo lakini haipatikani bila ya kupita hatua zake zote. Mgogoro uwe wa maslahi, mathalan madai ya nyongeza ya ujira ambayo bado haijaafikiwa. Ufikishwe mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usuluhishi upewe siku 30. Chama kipigishe kura kwa mujibu wa katiba yake, na wengi wa waliopiga waridhie. Kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Watumishi wa maji, umeme na hospitali, ambao huduma zao ni uhai wa watu, wana masharti yao mbali. Kujipanga langoni kuzuia wengine, au kumfungia mwajiri ndani, kumekatazwa hata mgomo ukiwa halali, na kwa rai yangu chama kitakachozuia malori ya mnunuzi kwa njia hiyo kisitumaini kwamba kifungu cha 83 kitakiokoa.

Hatua moja ikirukwa, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, yaweza kuusimamisha mgomo na kuamuru fidia ya haki, baada ya kupima kiasi cha kosa, sababu ya mgomo, muda wake na uwezo wa chama kulipa. Mwaka 2012 Chama cha Walimu Tanzania kiliitisha mgomo wa nchi nzima, na haukupita muda mrefu mahakama hiyo ikautangaza kuwa batili na kuwaamuru walimu warejee madarasani. Inaniuma kuona madai ya kweli yakianguka kwa upungufu wa utaratibu.

Lipo jambo jingine linalowapoteza wengi. Ujira uliokwisha kufanyiwa kazi lakini haukulipwa si mgogoro wa maslahi bali ni lalamiko, nalo haliruhusu mgomo hata mwajiri akiwa dhalimu kiasi gani. Hupelekwa Tume kwa fomu namba 1, ndani ya siku 60 tangu madai yalipoanza, na ikiwa mtu ameachishwa kazi isivyo haki, ndani ya siku 30.