MITUMBA: TUJUE KUCHAGUA

Leo tunazungumza juu ya mitumba, nguo ambazo wengi wetu hununua siku ya gulio, iwe Rulenge, Kabanga, Nyakahura au Nyakanazi.

Neno "mtumba" maana yake ni mzigo uliofungwa. Nguo hizi zimekwisha kuvaliwa huko Ulaya, Marekani na Asia. Hukusanywa, huchambuliwa, kisha hufungwa katika marobota. Robota moja mara nyingi huwa na uzito wa kilo 45. Zamani watu waliziita "kafa Ulaya", wakidhani mwenye nguo amekufa. Si kweli. Wenyewe wamezichoka tu, au wamenenepa! Ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Rwanda, zinaitwa "caguwa", kutokana na neno letu "chagua".

Basi somo letu ndilo hilo: kuchagua. Muuzaji naye hununua robota likiwa limefungwa. Akilifungua akakuta mbovu nyingi, hasara ni yake. Kwa hiyo atajitahidi kuuza hata zilizochakaa. Anaita, "Mia tano, mia tano!" Watu wanasukumana. Wewe usikimbilie, jamani. Fedha hiyo ni jasho la msimu mzima wa maharage na kahawa.

Kabla ya kulipa, kagua hivi:

1. Inua nguo uitazame kwenye mwanga wa jua. Vitobo vitaonekana.
2. Tazama kola, kwapani, magoti na makalio. Hapo ndipo nguo huchakaa kwanza.
3. Vuta mshono taratibu. Ukiachia, uzi umeoza.
4. Funga na kufungua zipu. Hesabu vifungo.
5. Kama ni kiatu, kunja soli. Ikionyesha nyufa, kiache.
6. Usinunue nguo za ndani za mitumba. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limezipiga marufuku kwa ajili ya afya zetu.

Ukifika nyumbani, usivae kabla ya kufua. Vijidudu vya upele huweza kuishi katika nguo kwa siku chache. Loweka kwa maji ya moto na sabuni, anika juani, kisha piga pasi.

Sasa tutumie hesabu tulizojifunza darasani. Tuseme shati moja linauzwa shilingi 3,000, lakini limechakaa, litadumu miezi 3. Jingine ni shilingi 6,000, nalo ni imara, litadumu miezi 12. Kwa mwaka mmoja utahitaji mashati manne ya kwanza: 3,000 × 4 = 12,000. Shati la pili ni 6,000 tu. Aliyenunua la bei ndogo ametumia mara mbili! Ndiyo maana watu husema, rahisi ni ghali.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda gulioni, baba na mama wakae pamoja, waandike kwenye daftari: nani anahitaji nguo gani, na fedha iliyopo ni kiasi gani. Sare na madaftari ya watoto yatangulie. Ukifika sokoni, fuata daftari, usifuate kelele.

Neno moja kwa wafanyabiashara wa mpakani. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha sana ushuru wa mitumba ili kulinda viwanda vyake. Kuvusha robota kwa njia za panya ni magendo. Mzigo ukikamatwa, mtaji wote umekwenda, na familia inabaki na deni.

MASWALI YA KUJADILI
1. Taja sehemu nne za nguo ambazo huchakaa kwanza.
2. Kwa nini muuzaji hujitahidi kuuza hata nguo mbovu?
3. Suruali ya shilingi 4,000 inadumu miezi 4. Ya shilingi 9,000 inadumu miezi 12. Ipi ina nafuu kwa mwaka mmoja? Onyesha hesabu yako.