Gunia la chakula cha kuku na kamati ya Bunge

Leo tuweke chanjo na mbolea kando kidogo. Wafugaji wa kuku huniuliza sana mbona bei ya chakula inapanda. Sababu ni nyingi, lakini moja hutoka Bungeni, na hiyo unaweza kuisemea mapema.

Chukua VAT. Bidhaa ikitozwa asilimia 0, mtengenezaji hurudishiwa VAT aliyolipia vitu kama stima na vipuri vya mashine. Bidhaa "ikisamehewa" VAT, watu hushangilia, kumbe hapo mtengenezaji harudishiwi kitu. Gharama hiyo anaitia kwenye bei ya gunia, na mlipaji ni wewe. Neno moja tu kwa mswada, na faida yako ya mayai imeguswa.

Sheria inakupa nafasi. Ibara ya 118 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalitaka Bunge lishirikishe wananchi katika kazi yake na ya kamati zake. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi Bungeni. Mambo ya kodi huenda kwa Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa. Sera za kilimo kwa Kamati ya Kilimo na Mifugo.

Fanya hivi:

1. Fuatilia matangazo ya Bunge magazetini na kwenye tovuti yake, hasa Mei. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hivyo muda wa maoni huwa mfupi.

2. Soma mswada wenyewe. Usitegemee ya WhatsApp.

3. Andika waraka wa ukurasa mmoja au mbili kwa Karani wa Bunge la Taifa. Taja nambari ya kifungu, unachotaka (kifutwe, kibadilishwe au kibaki) na sababu.

4. Weka hesabu ya shamba lako: kuku wangapi, magunia mangapi kwa mwezi, na bei ikipanda utabaki na nini. "Tunaumia" peke yake haitoshi. Kamati inahitaji kitu cha kuweka kwa ripoti.

5. Andikeni kama kikundi au ushirika, na mkiweza mfike kwenye kikao. Nakala mpe mbunge wenu.

Je, husikilizwa? Si kila mara. Lakini Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate, na baada ya vikao vya maoni, pendekezo hilo likaondolewa Juni 18. Mswada wote ulikuja kuachwa siku chache baadaye kufuatia maandamano.

Baadaye soma ripoti ya kamati uone hoja yenu ilijibiwaje. Ikikataliwa, sababu iliyotolewa ndiyo mtakayoijibu mwaka ujao.

Kwa hivyo anza leo kuweka rekodi za chakula na mayai. Mei ikifika bila rekodi, utakuwa na malalamiko tu.