Nyungunyungu wa Uzi kwa Kuvulia Trauti

Wasomaji wetu wa nchi za milimani katika Kenya wawajua trauti, samaki wa maji baridi walioletwa huko kutoka Ulaya mwaka 1905. Mara nyingi mvuvi hurudi mikono mitupu akasema, "Mto huu hauna samaki." Kumbe samaki wamo, ila chambo chake chapita juu ya vichwa vyao. Leo twataka kueleza namna ya kutengeneza chambo kifikacho chini, mfano wa nyungunyungu. Wavuvi hukitumia sana katika mto San Juan, Marekani, mahali utokapo katika bwawa la Navajo lililomalizika mwaka 1962. Matope ya huko yana nyungunyungu wembamba wekundu, nao trauti huwala.

Vitu vitakiwavyo ni ndoana, jiriwa ndogo, uzi mwembamba, ushanga wa madini, na uzi mnene mwekundu wenye malaika kama mahameli.

Kwanza, pitisha ushanga katika ncha ya ndoana mpaka katikati ya mgongo wake, kisha uibane ndoana katika jiriwa.

Pili, zungusha uzi mwembamba mbele na nyuma ya ushanga, usicheze.

Tatu, kata uzi mnene, urefu wa sentimeta 5, uulaze juu ya ndoana, uufunge nyuma ya ushanga na mbele yake, ncha zote mbili zining'inie.

Nne, piga fundo, utie vanishi.

Tano, sogeza ncha karibu na moto wa kiberiti pasipo kuziunguza, zipate kuchongoka wala zisifumuke majini.

Sasa tutazame sababu ya uzito. Maji ya juu huenda mbio. Ya chini hucheleweshwa na mawe, na huko ndiko trauti hukaa akingojea chakula. Funga chelezo kidogo katika mshipi, utupe chambo upande wa juu wa mto, ukiache kichukuliwe na maji. Kisipogusa mawe kamwe, ongeza uzito; kikinasa kila mara, punguza. Chelezo kikisimama ghafula, inua ufito.

Ushanga wa risasi haufai. Ndege wa majini waimezapo risasi hufa kwa sumu. Ndiyo sababu Uingereza ilikataza mwaka 1987 kuuzwa kwa chubwi nyingi za risasi. Tangisteni ni bora, maana kwa ukubwa uleule uzito wake wapata mara 1.7 ya risasi.

Basi, tusiulaumu mto kabla ya kupima uzito wa chambo chetu.