Karanga zilizokauka vizuri, karatasi iliyochelewa

Masomo yetu mengi ni ya mbegu, ya nafasi kati ya mistari, ya kukausha mpunga. Leo tunazungumza juu ya karatasi. Msigeuze ukurasa, maana karatasi inaweza kuozesha karanga kuliko mvua.

Msimu mmoja tulisindikiza mzigo wa karanga wa koperative moja ya upande wa Kabambare mpaka Ziwa Tanganyika. Mnunuzi alikuwa ng'ambo, Kigoma. Kabla ya kufunga mifuko tulizipima wenyewe: tulizitikisa zikalia ndani ya maganda, tukazivunja kwa meno zikakatika vizuri. Zilikuwa kavu. Kufika ziwani tukaambiwa cheti cha afya ya mimea hakipo, na mwenye kutia sahihi yuko safarini. Tukangoja siku tisa. Mvua ikanyesha juu ya turubai, maji yakapita chini. Mifuko ya chini ikashika joto, halafu ukungu. Mnunuzi alivuka ziwa, akafungua mmoja, akanusa, akaondoka. Zilizobaki nzima tuliziuza pale pale, kwa bei ambayo haikulipa hata usafiri.

Tuliporudi, mama mmoja alituuliza: «Ninyi maagronomu mlitufundisha kukausha. Mbona zimeoza?» Hatukuwa na jibu zuri. Ndiyo sababu ya somo hili.

Kuna watu ambao kazi yao ni kupima mambo ya namna hii, nchi kwa nchi. Mwaka 2013, huko Bali, nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zilikubaliana Mkataba wa Kurahisisha Biashara. Ulianza kufanya kazi tarehe 22 Februari 2017. Unataka serikali zitangaze wazi masharti na ada za mpakani, zipunguze makaratasi, na vitu vinavyoharibika upesi vipitishwe haraka iwezekanavyo. Kwa upande mwingine, tangu 2015, tume tano za uchumi za Umoja wa Mataifa zinafanya uchunguzi kila baada ya miaka miwili. Kwetu Afrika ni tume iliyoko Addis Ababa. Wanauliza kila nchi maswali mengi: Je, sheria za forodha zinapatikana kwa intaneti? Je, kuna dirisha la pamoja, mahali pamoja pa kuweka karatasi zote? Je, nchi mbili zinaweza kutumiana vyeti kwa kompyuta bila mtu kubeba karatasi mkononi?

Kila jibu linapewa alama. Jambo likifanyika nchi nzima, kwa watu wote wanaohusika, ni 3. Likifanyika mahali fulani tu, au kwa watu fulani tu, ni 2. Likiwa bado ni jaribio, 1. Kama halipo, 0. Alama zinajumlishwa, zinageuzwa kuwa asilimia, na nchi inajua imefika wapi.

Kuna kikundi cha maswali manne juu ya mazao ya kilimo, na hayo yanatugusa moja kwa moja. La kwanza ni maabara za kupima mazao. La pili ni viwango vya taifa na taasisi za kuvisimamia. La tatu ni kuomba na kupata vyeti vya afya ya mimea na wanyama kwa kompyuta. La nne ni utaratibu wa pekee kwa mazao yanayoharibika upesi. Tuchukue nchi ya mfano tu, isiyo na jina: maabara 2, viwango 3, vyeti vya kompyuta 1, mazao yanayoharibika 0. Jumla ni 6 juu ya 12, yaani asilimia 50. Siyo mbaya, mtu atasema.

Sasa itazameni ile 2 ya maabara. Inaweza kuwa maabara nzuri kabisa, lakini iko kwenye mji mkuu. Kwa anayepima kutoka mbali, hiyo ni 2. Kwa mtu wa Wamaza mwenye mifuko kumi ya karanga, ni 0. Hatusemi wapimaji ni waongo. Wanapima nchi, hawapimi njia yenu. Kongo yetu ina dirisha la pamoja la biashara ya nje linaloitwa GUICE, na duani yetu, DGDA, inatumia programu ya Sydonia kuandikisha mizigo. Hizo ni hatua za kweli. Ila kompyuta ya duani haijui kwamba mfuko wako ulilala siku nne kwenye bariyeri kabla ya kuona ziwa.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo: pimeni njia yenu wenyewe. Duniani mashirika ya forodha yana desturi ya kupima muda tangu mzigo unapofika mpaka unaporuhusiwa kuondoka. Sisi tutaanzia mbali zaidi, kwenye ghala la koperative.

Chukueni daftari moja, mpeni mtu mmoja anayejua kuandika vizuri na asiyeogopa kuuliza. Asiwe yule yule anayeshika makuta ya safari, maana hapo hesabu zinaweza kukutana njiani zikapatana. Mzigo ukitoka, aandike tarehe, saa, idadi ya mifuko na uzito. Kila mahali mzigo unaposimamishwa, aandike jina la mahali, huduma iliyosimamisha, karatasi iliyoombwa, makuta yaliyolipwa, na kama risiti ilitolewa au hapana. Halafu aandike saa ya kuondoka. Mvua ikinyesha mzigo ukiwa nje, aandike pia. Basi. Asigombane na mtu. Kuuliza «tunaomba risiti, ni ya hesabu ya koperative» kwa heshima kunatosha, na mara nyingine bei inashuka kwa neno hilo peke yake.

Mkisha kufanya safari tatu au nne, mtaona mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwaambia. Je, siku nyingi zinapotea kwenye barabara mbovu, au kwenye kungoja sahihi? Kama ni barabara, dawa yake ni nyingine. Kama ni sahihi, ombeni cheti cha afya ya mimea kabla mifuko haijafungwa, na ulizeni mapema mwenye kutia sahihi atakuwapo lini. Sisi hatukufanya hivyo, na tulilipa.

Karanga zihifadhiwe zikiwa na unyevu usiozidi asilimia 8, mpunga usiozidi 14. Zikipata maji tena zinapita hapo upesi, na ule ukungu unazaa sumu ya aflatoksini ambayo haitoki kwa kuosha wala kwa kukaanga. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinakubali aflatoksini isiyozidi sehemu 10 kwa sehemu bilioni moja. Kwa hiyo safu ya siku za kungoja ndani ya daftari ni safu ya kilimo pia. Turubai la juu halitoshi, wekeni mbao chini ya mifuko.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: amri ya serikali ya mwaka 2002 ilitaja huduma nne tu zenye haki ya kufanya kazi mipakani, yaani duani, OCC, DGM na huduma ya usafi na afya. Mkihesabu ndani ya daftari yenu huduma nane au tisa pale bandarini, mna swali halali la kupeleka. Pia, ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2022, kuna cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. COMESA nayo ina utaratibu wake kwa wafanyabiashara wadogo. Kabla ya kumlipa wakala, ulizeni kwanza kama mzigo wenu unaingia humo.

Na daftari ikijaa, ipelekwe wapi? Nakala moja ibaki kwenye koperative. Nyingine ipelekeni kwa muungano wenu, ili ifike kwa wakubwa wa biashara wa jimbo huko Kindu ikiwa na mihuri ya koperative kadhaa, si moja. Tena COMESA, Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC zina mfumo wa pamoja wa intaneti wa kupokea malalamiko juu ya vizuizi vya biashara, na Kongo iko ndani ya zote tatu. Lalamiko lenye tarehe, mahali na kiasi kilicholipwa linaweza kufuatiliwa. La «tunasumbuliwa sana» halifuatiliki.

Koperative zitakazopeleka karanga ziwani baada ya mavuno ya Januari zianze na mzigo wa kwanza. Zinazouza mpunga kwa njia ya Samba, kwenye reli, zinaweza kutumia daftari ile ile, zikiruka sehemu ya mpakani. Tutakapopita tutaomba kuiona, hata kama ina ukurasa mmoja tu.