Kauli za Kiswahili Zikusaidie Kutenganisha Vitenzi vya Kiingereza

Mwanafunzi anayesema "Borrow me your pen" ana "niazime kalamu" kichwani, na kuazima kwetu ni kwa pande zote mbili: mwenye kalamu huazima, na asiye nayo huazima. Kiingereza kimezigawa pande hizo. Dawa ni kuliweka kando neno kuazima na kushika kukopa na kukopesha, hata kama kinachoombwa si fedha. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Kwa hiyo: "Lend me your pen."

Walimu wengi hugawa orodha ndefu za vitenzi vinavyofanana, zikaririwe. Mimi naona tunajichosha bure. Anayezungumza Kiswahili amekulia ndani ya mnyambuliko, na kazi kubwa ya kupambanua ameshaifanya. Anajua kukumbuka si kukumbusha. Basi "remember" na "remind" visimtishe. Bei ikipanda ni "Prices have risen", mwenye duka akiipandisha ni "He has raised the prices."

Panapowasumbua hata Waingereza wenyewe ni "lie" na "lay", kwa kuwa "lie" katika wakati uliopita hugeuka kuwa "lay". Hapa kulala na kulaza hutuokoa. Mtoto alilala kitandani: "The child lay on the bed." Mama alimlaza mtoto kitandani: "The mother laid the child on the bed." Kabla hujaandika, jiulize ungesema alilala au alilaza.

Kauli ya kutendea nayo ina kazi yake. Tunaiba kitu, tunamwibia mtu. Vivyo hivyo "steal" huchukua kitu na "rob" humchukua mtu. Ukisema "They stole me", msikilizaji ataelewa kwamba wewe ndiye uliyebebwa! Sema "They robbed me" au "They stole my phone." Ila "rob" mara nyingi huashiria nguvu au vitisho, ukichomolewa simu kimyakimya kwenye daladala, "My phone was stolen" inafaa zaidi. Sema na ambia huenda njia hiyohiyo: kuambia lazima pawe na anayeambiwa, na "tell" kwa kawaida humtaka pia. "He told me", lakini "He said."

Kuna mahali Kiswahili chenyewe hutuponza. Amevaa gauni jekundu: wengi wataandika "She has worn a red dress", kwa sababu ya -me-. Lakini -me- hii inaeleza hali aliyonayo sasa, sawa na amekaa, amesimama, amelala. Kiingereza husema "She is wearing a red dress." Akiwa bado anaingiza mikono, yaani anavaa, ni "She is putting on a red dress."

Kushinda nako kunahitaji uangalifu, maana mnyambuliko hausaidii. Tazama kinachoshindwa: mechi au kombe ni "win", mpinzani ni "beat". Simba wakiifunga Yanga, "Simba beat Yanga" na "Simba won the match." Kamwe isiwe "Simba won Yanga."

Kuhusu "do" na "make", sina njia ya mkato. "Do homework", "make a mistake": hayo hukaririwa tu.

Ukikwama, fungua Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI. Baada ya kitenzi utaona vt au vi. Ya kwanza ni kitenzi elekezi, kinachodai yambwa. Ya pili ni si elekezi. Wengi huziruka alama hizo na kukimbilia maana, kumbe ndizo zinazotenganisha "raise" na "rise".

Na kwenye daftari lako usiandike kitenzi peke yake. Andika sentensi nzima, yenye mtenda na anayetendwa, kisha uisome kwa sauti.